Lafudhi ya Mkono Wangu

Binti yangu Rehema hasikii tangu homa ya uti wa mgongo ilipomshika akiwa hajatimiza mwaka. Nyumbani kwetu Ipogolo, chini ya mlima ambao mji wa Iringa umekaa juu yake, mimi naye huongea kwa mikono. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wengi wakiumia mkono hupoteza kazi. Mimi nilipoteza kazi pia, lakini kazi niliililia baadaye. Kwanza nilipoteza sauti.

Naandika kwa mkono uleule wa kulia, na mwandiko unapanda juu kama unakimbia mafuriko. Kama nawe leo umekaa kwenye benchi la hospitali, mkono umetundikwa shingoni na hujui utakuwaje, nisome polepole. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa haraka. Mkono ndio ulionituliza.

Ilikuwa Februari, mvua zimekolea. Nina mgahawa mdogo wa chai na chapati kando ya barabara kuu, wanaposimama madereva wa malori kabla ya kuteremka bondeni. Asubuhi ile nilibeba trei ya glasi kutoka uani. Kizingiti kilikuwa na tope. Nakumbuka nilianguka taratibu, kama mtu anayezama kwenye maji ya uvuguvugu, na nilipofika chini glasi zilikuwa zimeshatangulia.

Damu ilikuwa nyingi, lakini si damu iliyonitisha. Nilikitazama kiganja changu, nikakiambia kidole gumba kiende kikutane na kidole cha mwisho. Hakikwenda. Kilibaki pale kinanitazama kama mgeni asiyejua lugha.

Kwenye zahanati ya jirani walinisafisha, wakanishona ngozi ya kifundo cha mkono, wakanipa vidonge. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, upana wa vidole viwili. Siku ya kutolewa nyuzi kilikuwa kimefunga vizuri kabisa, mstari mwembamba kama wa kalamu. Vidole vitatu vilikuwa na ganzi na havikunji, lakini nilijiambia itaondoka yenyewe. Sikumwambia mtu.

Mume wangu, Athumani, anauza vipuri vya magari mjini. Ni mtu mpole. Babu yake alipanda huku kutoka Bagamoyo na mizigo ya vitambaa, na upole wa pwani haujawaisha. Anampenda Rehema hadi anakuwa mnyonge mbele yake. Lakini lugha ya alama hakuwahi kujifunza. Alijua alama za njoo, kula, lala na hapana. Yaliyobaki yote aliyapitishia kwangu. "Mama Rehema, hebu mwambie mwanao avae sweta." "Mama Rehema, muulize shuleni wamefunga lini." Miaka tisa nilisimama katikati yao nikipokea huku na kupeleka kule, na sikuona tabu. Nadhani hata nilifurahia.

Siku moja, wiki kama tatu baada ya kuanguka, nilikuwa nageuza chapati. Rehema alikuwa mezani na madaftari yake. Ghafla aliruka, akanivuta mkono kwa nguvu zake zote, akaurusha mbali na jiko. Nikataka kumfokea. Ndipo nikanusa. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimekaa kwenye ukingo wa kikaango, ngozi imeshakuwa nyeupe, na mimi sikuwa nimesikia chochote. Hata joto.

Rehema alinishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza kwa alama: "Mkono wako umekufa?"

Nikataka kumjibu. Mkono wa kulia ukatoa kitu kisichoeleweka, vidole vimejikunja nusu. Nikajaribu wa kushoto, ukaongea kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Kesho yake Athumani alinipeleka hospitali kubwa ya mkoa. Daktari kijana alinifumbisha macho, akanigusa vidole kimoja kimoja.

"Mama, ndani kano zimekatika, na mshipa wa fahamu umekatika. Ngozi imepona juu yake. Hapa hatuwezi. Kuna wataalamu wa mikono Mbeya, nakuandikia rufaa."

"Wataalamu wa mikono peke yake?" Athumani aliuliza.

"Mikono peke yake, baba. Kuanzia bega hadi kucha."

*

Mbeya ndiko nilikozaliwa, na mama yangu bado anaishi kule. Lakini mji huwa mwingine ukiutazama kutoka kwenye benchi la kliniki. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza, ukaingia kwenye korido ile ndefu, ukakaa nasi. Nilipotazama kushoto na kulia nikaona watu wamepakata mikono yao kama watoto wachanga waliolala. Fundi mwashi aliyeangukiwa na tofali. Mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya. Msichana ambaye vidole vyake viliungana kwa moto alipokuwa mdogo, ameficha kiganja ndani ya kitenge. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Ilikuwa kama tumo ndani ya ndoto ya mtu mmoja, tunaogopa kumwamsha.

Kando yangu alikaa mama mmoja kutoka Rungwe, mchuma chai, mkono wake umevimba kiwiko. Alikuwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Alinitazama nikihangaika kumenya kwa mkono mmoja, akachukua zangu, akawa anazivunja kwa meno na kunimiminia punje kwenye kiganja cha kushoto. Hakuniuliza jina. Alipoitwa, akaniachia mfuko wote.

Mpasuaji aliitwa Daktari Ambakisye, mtu mfupi mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mkono huu unaufanyia nini?"

Watu hutarajia useme kupika, kulima, kuandika. Nikasema, "Naongea na mwanangu."

Akanitazama. Nikamweleza. Akavuta kiti karibu, akaugeuzageuza mkono wangu kwa muda mrefu.

"Umechelewa kidogo, lakini si sana," alisema. "Nitaunga kano. Mshipa wa fahamu umesinyaa, ncha hazifikiani, nitachukua kipande mguuni nikaziunge. Upande wa unyayo utabaki na ganzi. Nikishamaliza, kazi inayobaki ni ya Sekela wetu wa mazoezi na yako. Mimi nashona tu."

Siku ya upasuaji walinidunga sindano za ganzi. Mkono ulilala wote, wakaniongezea dawa ya kusinzia, nikawa si macho si usingizi. Hapo nikahisi jambo ambalo hadi leo silisahau. Mkono wangu ulikuwa umelala kwenye meza nyuma ya pazia la kijani, lakini mimi nilihisi umeinuliwa juu, umenyooka kuelekea taa, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Nikamwambia nesi, "Niteremshieni mkono, umechoka." Akacheka kidogo. "Uko chini, dada. Umelala." Sikumwamini. Saa zote zile niliuhisi juu, ukiongea. Nilimwona Rehema amesimama kwenye ukungu, mkono unamsimulia mambo, naye anaitikia kwa kichwa.

Nilipozinduka, mkono ulikuwa umefungwa kwenye plastiki ngumu kuanzia karibu na kiwiko hadi ncha za vidole, kifundo kimeinama kama cha mtu anayeomba. Mguu wa kushoto nao una bandeji. Sekela alikuja jioni ile. Ni mtaalamu wa mazoezi tiba, dada mrefu wa Tukuyu mwenye kicheko cha kuamsha wodi, akanisalimu Kinyakyusa.

"Ugonile, dada. Sikiliza. Uzi alioshonea daktari ni mwembamba kuliko unywele. Kano ikivutwa sasa hivi, inakatika. Hutavua kifaa hiki kuoga, hutavua kulala, hutavua hata ukitembelewa na rais. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Wote husema wameelewa."

Nikakaa kwa mama wiki mbili. Alinitawadhisha, akanifunga kilemba, akanilisha wali kwa mkono wake mwenyewe, akitanguliza bismillahi kwa kila tonge kana kwamba nina miaka miwili. Mwanzo niliona aibu, nikala kidogo. Baadaye nikaacha kuona aibu, nikashiba. Mara tatu kwa siku nilifanya zoezi la Sekela, la kutumia mkono wa kushoto kukunja vidole vilivyolala na kuviachia virudi, polepole, ndani ya kifaa chake. Nje mvua ilinyesha juu ya mabati hadi mchana na usiku vikafanana.

*

Nilirudi Ipogolo mwanzoni mwa Aprili. Hapa ndipo pa kuwaambia ukweli, maana ninyi mnaofuata mnahitaji kusikia.

Kwa mtoto asiyesikia, uso ndio sauti. Uso ukikunjamana, maneno yote yanakuwa ukali. Na uso wangu wakati ule ulikuwa umekunjamana kwa maumivu kutwa. Rehema aliporudi kutoka shule siku ya kwanza alikimbia hadi kwangu, akaona kifaa, akaona uso, akasimama. Sikuwa nimeongea naye kwa majuma mawili, maana simu haimsaidii. Nikamwambia kwa mkono wa kushoto: "Nimekukumbuka." Akanitazama usoni. Hakuamini.

Zikapita siku chache hivyo. Alikula kimya, akalala mapema. Athumani aliniuliza, "Mwanao ana nini?" Nikamwambia muulize. Akajaribu, akakwama kwenye njoo na kula.

Ijumaa alasiri nilimkuta Rehema nyuma ya nyumba, analia bila sauti. Nikachuchumaa. Akaniuliza: "Umenikasirikia kwa sababu nilikuvuta mkono? Nimeuvunja mimi?"

Kumbe majuma yote hayo alikuwa ameubeba mzigo huo. Aliamini aliponivuta kutoka jikoni ndipo mkono ulipokatika.

Nikamwambia kwa kushoto, hapana. Uso wangu ukasema ndiyo, kwa sababu kifundo kilikuwa kinachoma. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akageuka ukutani. Mtoto kiziwi akigeuza uso, umefungiwa mlango. Huwezi kumwita.

Nikamshika bega, nikamgeuza. Nikafungua mikanda ya kifaa kwa meno. Nikautoa mkono, nikamwambia kwa mikono miwili, sentensi nzima, kama tulivyozoea: "Uliniokoa. Sijakasirika. Wewe ni moyo wangu."

Aliielewa. Alinirukia shingoni. Na katikati ya lile neno la mwisho nilisikia ndani ya kiganja kitu kidogo kikiachia, *pa*, kama uzi wa kitufe.

Athumani aliporudi alinikuta nimekaa chini, kifaa kando yangu, mtoto amelala mapajani. Sijawahi kumwona vile. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa.

"Mama Rehema. Wamekushona siku nzima. Kwa neno moja?"

"Alikuwa anaamini ameniua mkono."

"Ungesubiri nije!"

"Ukija ungemwambia nini?" nikasema. "Ungemwambia kwa mikono ipi, baba Rehema?"

Alitoka akaenda msikitini, isha ilikuwa haijafika. Nililia basi, nikajilaumu, kisha nikamlaumu yeye.

*

Tulirudi Mbeya wote watatu. Daktari Ambakisye aliugusa mkono, akaguna. Kano ya kidole cha shahada ilikuwa imekatika, nyingine zilishika. Akaniingiza tena chumba cha upasuaji. Sikuota chochote safari ile.

Sekela hakunifokea. Nilimweleza yote, naye alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Kisha akageuka kwa Athumani, aliyekuwa amesimama dirishani.

"Baba, kifaa hiki kinakaa tena wiki sita. Huyu hawezi kuongea. Sasa anayeongea na mtoto ni wewe."

"Mimi sijui, dada. Vidole vyangu vizito."

"Vyake ndivyo vimekatika, vyako vizima. Mwalimu huyo hapo amekaa, anakula ndizi."

Rehema alikuwa mwalimu mkali. Tuliporudi nyumbani walianza na vyakula, wakaja nguo, siku za wiki, wakaja maneno ya hasira na ya mzaha. Jioni walikaa mkekani na kioo cha kunyolea, Athumani akijitazama mikono. Alikosea mno. Jumamosi moja alitaka kumwambia aoge, akamwambia aolewe. Rehema alicheka hadi akaanguka, naye akacheka, nami nikacheka na kifaa changu kifuani. Lakini sitawaficha. Siku nyingine nilikaa jikoni nikawaona wanacheka jambo ambalo halikupitia kwangu, nikahisi wivu mkali kama njaa. Nilikuwa nimekuwa mgeni kwenye mlango niliousimamia miaka tisa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo nalo ni pumziko.

Kifaa kilitoka mwanzoni mwa kipupwe, upepo wa Iringa ukikata masikio. Mkono uliotoka ndani sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama ya mjusi, nyama ya chini ya kidole gumba imekauka ikawa bonde. Niliufunika kwa ushungi nikienda sokoni.

Baada ya hapo yalikuwa mazoezi. Kubana sponji. Kuokota maharage bakulini. Kukanda unga, mwanzo kidogo kama wa mchezo wa watoto. Kila mwezi nilikwenda Mbeya, na Sekela alikuwa na desturi moja niliyoipenda. Alinigonga kwa ncha ya kidole chake kuanzia kwenye kovu kuelekea vidoleni, taratibu, kama anayebisha hodi. Mahali fulani umeme mdogo ulinipita. "Hapo," nikasema, naye akaweka nukta ya kalamu. "Mshipa umefika hapa. Unatembea. Huwezi kuuona, lakini unatembea."

Juni nukta ilikuwa chini kidogo ya kovu. Agosti, upepo ukivumisha vumbi jekundu, ilikuwa katikati ya kiganja. Mijakaranda ilipochanua ilikuwa imefika kwenye mashina ya vidole. Nilianza kuishi kwa nukta zile. Nikilala nilihisi sisimizi wakitembea ndani ya kiganja, msururu mrefu, wamebeba vitu vidogo vidogo. Nikaota natembea kwenye njia nyembamba yenye ukungu pande zote, mbele yangu mtu anaweka taa moja, halafu nyingine. Niliamka na mkono unawasha, nikashukuru. Nawaambia ninyi mlio kwenye ganzi: muwasho ni habari njema. Usiukasirikie.

Kilichorudi kwanza kilikuwa baridi. Nilikuwa naosha vikombe asubuhi ya Novemba, mvua za kwanza zimeshuka. Maji ya bomba yalikipita kidole cha kati, nikakiondoa haraka. Kikombe kikaanguka. Nikarudisha kidole chini ya maji, nikakiacha pale hadi kikauma. Jirani yangu, mama wa Kihehe muuza mbogamboga, alipita akanisalimu, "Kamwene," akaniona machozi.

"Kuna nini tena?"

"Maji ya baridi," nikamwambia.

"Yaani Iringa hii unalilia maji ya baridi?" Akaenda zake akitikisa kichwa.

Si vyote vilivyorudi. Kidole cha shahada hakikunji kwenye kiungo cha mwisho. Kidole gumba kinafika kwenye cha tatu, cha mwisho hakifikii. Vitufe vidogo vinanishinda, na chapati zangu zina kingo nene siku hizi, wateja wamezizoea. Nilipoanza kuongea tena na Rehema kwa mkono wa kulia, niliona aibu, maneno mengine yalikuwa yamebadilika umbo. Alinitazama kwa makini siku kadhaa. Kisha akaniambia:

"Mama, mkono wako una lafudhi. Kama mtu aliyetoka mbali."

"Unanielewa?"

"Nakuelewa. Ninajua ni wewe hata nikiona mkono peke yake."

Mwezi uliopita nilikwenda Mbeya mara ya mwisho. Daktari Ambakisye aliupokea mkono wangu kwa mikono yake midogo, akaukunja, akaukunjua. Akasema umefika unapofika, kilichobaki ni kuutumia. Sekela akanigonga mara ya mwisho, ncha ya kila kidole, nikasema hapo, hapo, hapo. Cha shahada nilikisia. Akajua nimekisia. Akanikumbatia hivyo hivyo. Kwenye korido nilipita watu wengine wamepakata mikono, nikataka kusimama niseme neno, sikulijua. Ndiyo maana naandika.

Nilishuka Ipogolo alasiri, upande wa pili wa barabara. Malori yalikuwa yamefuatana, moja nyuma ya jingine, hakuna nafasi ya kuvuka. Ng'ambo, mbele ya mgahawa, walisimama Athumani na Rehema. Athumani alifungua mdomo kuniita, nikaona mdomo tu, mngurumo ulimeza kila kitu. Akafumba mdomo. Akainua mikono.

Lori likapita, nikampoteza. Likaisha, nikamwona tena, mikono bado iko juu. Alikuwa ananiuliza: "Daktari amesemaje?" Rehema alimshika kidole gumba, akakisogeza mahali pake, naye akarudia. Mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yetu, na ndiyo mara ya kwanza mume wangu kuongea nami kwa lugha ile.

Nikaweka mfuko chini. Nikainua mkono wangu wa kulia, na kidole chake kisichokunja, nikasubiri lori jingine lipite.

"Amesema imetosha," nikamwambia. "Nakuja. Weka chai."

Akageuka kuingia ndani kuitenga.